Tusimwache Mzazi wa Askari Baada ya Matanga

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu)

  

Kamati iliponiita ilinipa mada kwa maneno machache: "Mwalimu, tuambie tumfanyieje mzazi aliyefiwa na mtoto jeshini." Nikauliza kwa nini mimi. Nikajibiwa kwamba nimewafundisha wengi wa vijana wetu waliovaa magwanda. Hilo ni kweli. Wapo niliowashika mkono kuandika majina yao ubaoni, na leo majina hayo yameshonwa kifuani. Basi nikakubali. Najua pia kwamba baadhi yenu mmeshika bahasha mkisubiri habari za mabati na saruji. Tulieni, Mhazini yupo na atapewa nafasi yake.

Nianze na jambo tunalolijua sote. Huku kwetu ardhi imekuwa finyu. Shamba la babu wamegawana watoto, la baba wamegawana wajukuu, na kijana wa leo anarithi matuta machache ya viazi ubavuni mwa mlima. Akimaliza kidato cha nne na mambo hayakwenda vizuri, anateremka. Wapo wanaoishia Mombo kwenye bodaboda, wapo wanaokwenda kuuza mitumba Dar es Salaam, na wapo wanaoomba JKT. Akibahatika huko, anachukuliwa jeshini, Polisi au Magereza. Siku akija likizo amevaa sare, mama yake hutafuta sababu ya kwenda naye gulioni, hata kama hana cha kununua. Halafu kijana anaanza kutuma fedha. Bati la nyumba ya mzazi ni lake, ada ya mdogo wake ni yake, dawa za presha za baba ni zake.

Kwa hiyo mtoto huyo akifa, mzazi amefiwa mara mbili tatu kwa siku moja. Amefiwa na mtoto aliyemzaa, amefiwa na mlezi wake wa uzeeni, na mdogo wake marehemu hajui kama muhula ujao atarudi shule. Naomba tulishike hilo, kwa sababu nitalirudia nikifika kwenye habari za fedha.

Na kufa kupo. Tarehe 13 Julai 2013, ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur, Sudan, wakiwa kwenye msafara. Tarehe 7 Desemba 2017, siku ya Alhamisi, kambi ya askari wetu huko Semuliki ilivamiwa. Semuliki ni mto, na kambi ilikuwa kwenye barabara ya kutoka Mbau kwenda Kamango, upande wa Beni, Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Wavamizi walidhaniwa kuwa ADF, kundi lililoanzia Uganda likajichimbia katika misitu ile. Mapigano yalianza jioni, giza likawakuta bado wanapigana. Siku iliyofuata tuliambiwa Watanzania 14 wamekufa na wengine wengi wamejeruhiwa. Baadaye hesabu ikafika 15. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema hilo lilikuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo. Miaka ikapita, tukadhani yamekwisha. Aprili 2024 kombora likaangukia karibu na kambi ya kikosi cha SADC huko huko Kivu, wakafa askari wetu watatu. Januari 2025, wakati wa mapigano ya Sake na Goma, wakafa wawili wengine.

Sasa hebu tuihesabu ile wiki ya Semuliki kwa macho ya mzazi. Ijumaa tarehe 8, kesho yake ikiwa sikukuu ya Uhuru, redio inatangaza. Inatangaza idadi. Kila nyumba ya Tanzania yenye kijana Beni inajiuliza kama wa kwao ni mmoja wa wale kumi na nne. Simu inapigwa, haipatikani, na mzazi hajui kama haipatikani kwa sababu ya mtandao wa porini au kwa sababu nyingine. Jumatatu tarehe 11 majeneza yanatua Dar es Salaam. Alhamisi tarehe 14 wanaagwa Makao Makuu ya Jeshi, Upanga, kisha kila mmoja anapelekwa kwao, wengine Zanzibar, wengine mikoa ya Bara. Kutoka ile Ijumaa hadi ile Alhamisi ni siku saba ukizihesabu zote. Sisi tumezoea kuzika leo leo au kesho. Kwa Muislamu hasa, maiti kukaa siku saba bila kuingia kaburini ni msiba juu ya msiba.

Na jeneza la askari likija huku, tunaijua njia yake. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Pale Mombo linaanza kupanda ile barabara ya kona hadi Soni, halafu linaingia kwenye udongo mwekundu. Kama ni masika, vijana wa kijiji hutangulia na majembe. Likifika, kila kitu kimepangwa. Wapo askari wa kubeba, ipo bendera juu ya jeneza, risasi zinapigwa hewani, baragumu inalia, watoto wanakimbia nyuma ya migomba kwa woga. Wanakuja viongozi ambao hatujawahi kuwaona hata wakati wa uchaguzi. Mimi siibezi heshima hiyo hata kidogo. Serikali inafanya wajibu wake, na mzazi anahitaji kuona kwamba nchi imemjua mwanawe. Ila kabla jua halijazama magari yale yanashuka. Lazima yashuke, wale nao ni watu wa kazi.

Anayebaki na mzazi ni sisi.

Nasi, tuseme ukweli, siku za mwanzo tunajitahidi. Hatuhitaji kufundishwa na mtu. Wanaume wanachimba kaburi, akina mama wanakuja na kuni vichwani, maharage, sukari, ndizi. Daftari la rambirambi linaandikwa kwa mwandiko mzuri. Watu wanalala matangani. Msikitini wanasoma, kanisani wanaimba, na huku kwetu Muislamu na Mkristo hufuatana kwenye misiba bila kuulizana. Halafu matanga yanaanuliwa. Inakuja arobaini, tunakula, tunaagana. Baada ya hapo sasa? Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Msiba wa askari haufanani sana na misiba mingine. Sisemi kwamba ni mkubwa kuliko mingine. Kijana aliyegongwa na lori pale Segera mama yake analia machozi yale yale. Nasema una mambo yake. La kwanza, mzazi mara nyingi hakuuona uso. Mwili umetoka mbali, umekaa siku nyingi, sanduku halifunguliwi. Wazee wetu waliosha maiti zao kwa mikono yao, na ile kazi ya kuosha ndiyo iliyowaambia kwamba amekufa. Asiyeona hana ushahidi. Msishangae mama akikwambia miezi sita baadaye kwamba labda walikosea, labda yule ni mwingine. Hajarukwa na akili. Usibishane naye, na usicheke ukifika barabarani.

La pili, hakuna kisa. Mtu akifia hapa, tunajua alikuwa wapi, aliongea na nani mara ya mwisho, aliomba maji ya kunywa. Mzazi wa askari anaambiwa "amefariki akiwa katika majukumu ya kitaifa", basi. Mengine ni siri ya kazi. Anabaki kujitungia mwenyewe usiku, na ya kujitungia huwa mabaya kuliko yaliyotokea. Ndiyo maana nasema, kama kuna kijana wa kwetu au wa popote aliyekuwa kikosi kimoja na marehemu, akija likizo na apelekwe kwa mzazi yule. Hatumwombi siri za jeshi. Aseme tu walikuwa wanapika nini, nani alikuwa anakoroma, marehemu alikuwa anawasimulia nini kuhusu nyumbani. Habari kama hizo mzazi atazila kama chakula.

La tatu ni simu hizi. Zamani habari ya kifo iliendewa na watu wazima, wawili watatu, wakakaa kwanza, wakaulizia mazao. Siku hizi picha inatangulia. Mtoto wa jirani anaiona kwenye kundi la WhatsApp na kuirusha mbele akiandika "poleni wana Lushoto" kabla baba mzazi hajaambiwa. Nawaomba ninyi mlioko mijini, na naomba hili liingie kwenye kumbukumbu za mkutano: picha ya namna hiyo ikikufikia, iishie kwako. Mpigie mtendaji wa kijiji, au mzee wa ukoo, au imamu, au mchungaji. Hao ndio wataongozana kwenda.

Niseme sasa habari ya maneno, kwa sababu maneno ndiyo tunayoyatoa kwa wingi na bila kuyapima. Tuna kawaida ya kumwambia mzazi: "Usilie, mwanao ni shujaa." Ni kweli kwamba ni shujaa. Mnakumbuka au hamkumbuki, Novemba 2018, huko huko upande wa Beni, askari mmoja wa Malawi aitwaye Chancy Chitete alimburuta Mtanzania aliyejeruhiwa kutoka kwenye risasi, akawa anamhudumia, akapigwa yeye akafa. Mtanzania yule alipona. Mwezi Mei 2019 Umoja wa Mataifa ukampa Chitete nishani ya ushujaa wa pekee, ile inayoitwa kwa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali. Kwa hiyo kuna nyumba Tanzania ambayo haikuweka matanga kwa sababu kuna nyumba Malawi iliyoyaweka. Kama huo si ushujaa, basi neno hilo halina kazi.

Lakini neno "shujaa" ni la jukwaani na la tarehe 25 Julai, pale Rais anapoweka mkuki na ngao kwenye mnara na Mkuu wa Majeshi akaweka sime. Mkekani, mbele ya mama, linamfunga mdomo. Anajiona kama akilia analiaibisha taifa. Nimeona baba mtu mzima akipokea mikono ya watu kwa siku tatu huku akisema "nashukuru, nashukuru", kama mtu aliyepongezwa. Siku ya nne alikwenda kukaa peke yake chini ya mkaratusi mpaka usiku. Mwache mzazi alie. Na badala ya "shujaa", mwite mtoto kwa jina lake. Sema: "Nakumbuka siku alipokata miwa ya mzee fulani akakimbilia kwangu kujificha." Mzazi atacheka, kisha atalia, na vyote viwili vitamfaa. Watu wengi huogopa kulitaja jina la marehemu wakidhani watamkumbusha mzazi. Kwani amesahau?

Akina baba nao tuwaangalie kwa jicho jingine. Mama akilia, wanawake wenzake wanamzunguka. Baba anaonekana yupo, anapanga viti, anahesabu magunia, tunasema mzee amejikaza. Baada ya miezi miwili unamkuta kilabuni saa nne asubuhi, au haendi tena shambani, au amegombana na kila mtu kuhusu mpaka. Wanaume hatuna desturi ya kwenda kwa mwanaume mwenzetu kumwambia nimekuja kukaa na wewe. Basi tutafute sababu. Nenda kaazime panga. Nenda kamsaidie kutengeneza zizi. Kaa hapo mpaka chai iletwe.

Nina mama mdogo, sasa ni marehemu, ambaye kijana wake alikwenda vita vya Kagera. Nyote mnajua, majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, wakalivunja daraja la Kyaka, na Aprili 1979 vijana wetu wakaingia Kampala. Yule ndugu yangu hakurudi. Habari ililetwa kwa barua, ikasomwa ofisini kwa sauti mbele ya watu waliokuja kwa shida zao nyingine. Mwili haukuja. Alizikwa huko huko Kagera, kwenye makaburi ya askari ya Kaboya, wilaya ya Muleba, na mama mdogo hakupata kuambiwa hivyo mpaka miaka mingi ilipopita. Wazee wa ukoo walibishana: tutakaaje matanga bila maiti? Wengine wakasema tusubiri, huenda ni mateka. Katika kusubiri huko, arobaini haikufanywa, hitma haikusomwa, na mama mdogo akawa mtu ambaye si mfiwa na si asiyefiwa. Watu wakawa wanamkwepa, maana hawakujua wamsalimieje.

Mtu mmoja tu hakumkwepa. Palikuwa na bibi jirani yake, hakuwa hata ndugu, aliyekuwa akipita na kikapu kila siku ya gulio wakati wa kurudi. Anatua kikapu, anakaa, anavuta sinia, wanapukuchua maharage pamoja. Sikuwahi kumsikia akitaja vita. Siku nyingine hawakusema lolote mpaka jua linazama, akabeba kikapu chake akaenda. Alifanya hivyo miaka mingi, mpaka miguu ilipokataa. Nami nikiulizwa nani alimponya mama mdogo, sitataja ofisi wala kiongozi wa dini. Wazee wetu wa Kishambaa walikuwa na msemo, kuzifya shi, kuiponya nchi, na wao walimaanisha kazi ya mfalme wa Vuga na mvua. Mimi nilimwona bibi mmoja mwenye kikapu akiifanya kazi hiyo kwa eneo la mkeka mmoja.

Mama mdogo alifariki bila kufika Kaboya. Kutoka hapa mpaka Muleba unaivuka karibu nchi nzima, na nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na mtu wa kumsindikiza mzee, ilikuwa fedha ambayo familia haikuwa nayo. Wapo wazazi wa namna hiyo nchi nzima. Wapo pia wale ambao watoto wao walikufa Msumbiji miaka ya themanini na wamelala Naliendele, Mtwara. Ukienda nyuma zaidi, wapo babu zetu waliobebeshwa mizigo katika vita vya Wajerumani na Waingereza, hao hawana kaburi la kutembelewa kabisa. Dar es Salaam iko ile Sanamu ya Askari tangu 1927, yenye maandishi ya Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, na magari yanaizunguka mchana kutwa. Hakuna jina la mtu hata mmoja juu yake.

Nimefika kwenye fedha, mahali ambapo misiba hii huharibika.

Askari akifa kazini, kuna haki zake zinazolipwa na serikali. Akifa katika misheni ya Umoja wa Mataifa, umoja huo hulipa fidia kupitia serikali ya nchi yake, na serikali huwapelekea warithi. Ni fedha nyingi kwa kipimo cha huku kwetu. Lakini haziji kesho. Zinataka cheti cha kifo, kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na kuthibitishwa mahakamani, akaunti ya benki, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mzee ambaye hajawahi kupita Lushoto mjini anaambiwa aende Dar es Salaam, akifika anaambiwa karatasi moja haina mhuri, arudi. Nauli inakopwa. Na kijijini, siku ile ile alipoanza kukopa nauli, watu wameshaanza kusema: "Yule ana mamilioni ya Umoja wa Mataifa."

Hapo jirani aliyekuwa akileta kuni anaacha. Kijana aliyekuwa akimlimia anataka alipwe bei ya mjini. Akiomba sukari anaambiwa kwa utani, "Wewe tena?" Na hata fedha ikifika, haimpunguzii mtu upweke. Mimi naliona hili kuwa baya kuliko ukosefu wa rambirambi. Mzazi anaanza kuona haya kwa kupokea fedha ya damu ya mtoto wake, na majirani wanamwonea wivu kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wao angekubali kubadilishana naye.

Halafu kuna mjane. Binti wa miaka ishirini na kitu, pengine wa kabila jingine, ana mtoto mgongoni, hajui lugha yetu. Mama mkwe anamwona kama anayekuja kubeba kilichobaki cha mwanawe. Binti anamwona mama mkwe kama anayemnyang'anya mtoto chakula. Ukoo unagawanyika, mashahidi wanatafutwa. Waislamu wanajua kwamba sheria ya mirathi imewataja wote: mama ana sudusi yake marehemu akiacha watoto, na baba vivyo hivyo, mjane ana thumni yake, watoto wana lao. Kwa wengine ziko sheria za nchi. Na si kila malipo ya jeshi huhesabiwa kuwa mirathi, mengine yana utaratibu wake. Kwa hiyo watu waulize kwanza kabla ya kurushiana maneno ambayo hayatarudi mdomoni. Wakalishwe wote wawili, mama na mjane, kwenye sebule moja kabla fedha haijaingia, mbele ya watu wanaowaheshimu. Mjukuu yule ndiye sura ya marehemu iliyobaki. Mama akimgombanisha mkwewe, amempoteza na mjukuu.

Sasa nieleze tunachowaomba leo. Kamati imependekeza tutenge sehemu ya michango ya mwaka huu kwa ajili ya wafiwa wa namna hii. Tusijenge mnara wala kununua mabango. Kikubwa tunachotaka ni watu. Tawi la Dar es Salaam litoe wanachama wawili, mmoja mwanamke, ambao mzazi akishuka Ubungo au Mbezi watampokea, watampa mahali pa kulala na kumfuata ofisini na bahasha yake mpaka amalize. Wenye ujuzi wa sheria waliomo humu ndani, nawaona, mtusaidie kuandika karatasi za mirathi bila malipo. Nauli ya safari hizo chama kilipe, na kilipe bila kumuuliza mzazi kama fedha zake zimeshatoka. Na mzazi aliye na kaburi la mbali, Kaboya au Naliendele au popote, chama kimpeleke mara moja akiwa bado na nguvu za kupanda basi.

Huku nyumbani kazi haina gharama kubwa ila inataka uvumilivu. Kila kitongoji kiwe na watu wanaojua ni siku gani mzazi huyo atahitaji mtu. Si arobaini tu, huko tunafika wenyewe. Nazungumzia Idi ya kwanza bila yule aliyekuwa akituma nguo, Krismasi ya kwanza, siku ya Mashujaa redio inapopiga gwaride nyumba nzima, na tarehe ile ile ya kifo mwaka unapozunguka. Na wakati wa kupanda maharage ukifika, tumlimie kwa msaragambo kama tunavyochimba barabara, ili shamba lake lisiwe la mwisho kijijini. Mdogo wake marehemu, ada yake ya muhula unaofuata iwe imelipwa kabla hajarudishwa nyumbani. Mzazi asipotaka kutembelewa siku hiyo, mrudi. Msimlazimishe. Mrudi tena siku nyingine.

Kuna mwanachama mmoja aliniuliza jana jioni, na swali lake ni zuri: "Mwalimu, kwa nini wa askari tu? Mbona tuna mama aliyefiwa na mtoto mgodini Mererani, na mwingine ambaye binti yake alikwenda kufanya kazi Oman akarudi kwenye sanduku?" Nilimwambia kwamba ukisikiliza vizuri, mambo niliyoyataja ni yale yale: kifo cha mbali, uso usioonekana, kisa kisichojulikana, karatasi za ofisini, maneno ya fedha. Tukijifunza kumtunza mmoja, tutakuwa tumejua njia ya kwenda kwa mwingine. Lakini tuanze na mlango ulio mbele yetu, maana watoto wetu walioko jeshini ni wengi na misheni hazijaisha. Mimi ninao wanafunzi wangu huko sasa hivi. Kila nikisikia jina la Goma kwenye taarifa ya habari, nasogeza redio.

Neno moja kwa wazazi wa askari mliomo humu, ambao watoto wenu wako hai, na wawe hai, inshallah, waje wawazike ninyi. Wakija likizo, waulizeni mambo mawili matatu ambayo hatupendi kuyauliza: ni nani ameandikwa kuwa mrithi, mkewe anaitwa nani kwa jina la kwenye vyeti, cheti cha ndoa kiko wapi. Si uchuro. Mwenyewe anayajua, jeshini huwaandikisha. Afadhali ukae naye hapo uvunguni mwa migomba akueleze akiwa anacheka.

Ndugu Mwenyekiti, saa imekwenda na naona ukungu unapanda, wa magari inabidi waondoke mapema. Bahasha za kazi hii ni zile nyeupe. Za kaki ni za darasa, msichanganye. Atakayekosa fedha leo aandike ndani jina lake, kitongoji chake na siku anayoweza kwenda kukaa na mfiwa, hilo nalo ni mchango na litasomwa. Akina mama wa kamati watapita kuanzia safu ya nyuma. Mhazini, nakukaribisha.